FIZI ZIKITOKA DAMU, USIUWEKE MSWAKI CHINI



 Wanafunzi wapenzi, mmezoea kwamba mahali hapa huandikwa nasaha za kuhifadhi, adabu kwa wazazi, na namna ya kujiandaa na mtihani. Mwaka huu nimeomba niseme jambo ambalo baadhi ya walimu wenzangu waliliona dogo. Nataka kusema juu ya fizi zetu.

Msicheke. Kila alfajiri nasimama karibu na hodhi mkitawadha. Namwona kijana anasukutua, anatema, na mate yana wekundu. Anatazama huku na huku kama kuna aliyemwona, anamwaga kata moja ya maji juu yake, na anaingia msikitini. Kesho yake hapigi mswaki kabisa upande ule, kwa sababu "unatoa damu". Namjua kijana huyo vizuri. Miaka ishirini na kitu iliyopita kijana huyo nilikuwa mimi.

YALIYONIPATA

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba fizi zangu zilipoanza kutoka damu. Hakuna aliyeniambia kuwa ule ni ugonjwa. Nyumbani kwetu jino lilikuwa na hali mbili tu: haliumi, basi liache, linauma, basi ling'olewe. Fizi hazikuwa na nafasi katika hesabu hiyo, maana fizi haziumi. Nikawa napita mbali na mahali palipotoka damu, nikidhani napapumzisha. Nilipofika miaka thelathini na minne, siku moja natafuna muhogo wa kuchoma nikahisi jino la mbele la juu linacheza.

Nilikwenda mahali fulani pa kutibu meno. Aliyenipokea alilishika jino kwa kidole, akalitikisa, akasema litoke. Hakuuliza neno, hakutazama meno mengine, na mimi sikujua la kuuliza. Likatoka. Mwaka uliofuata lilifuata jirani yake. La tatu lilipoanza kucheza nilikwenda kwa daktari mwingine, naye ndiye mtu wa kwanza kunieleza maana ya ugonjwa wa fizi. Jino lile la tatu ninalo mpaka leo.

Sasa sikilizeni kwa nini nasema haya katika jarida la madrasa wala siendi kuyasema hospitali. Mwalimu wangu wa tajwidi alinifundisha kuwa herufi za tha, dhal na dhaa hutoka kwenye ncha ya ulimi inapokutana na ncha za meno mawili ya mbele ya juu. Akanifundisha kuwa faa hutoka ndani ya mdomo wa chini unapokutana na ncha za meno yale yale. Nilipoyapoteza, nilipoteza makharija yake. Nilisimama mbele ya darasa kusahihisha watoto wa miaka minane, na mimi mwenyewe tha yangu ilikuwa inapita kama upepo kwenye dirisha bovu. Nilivaa meno ya bandia na sauti ikarudi kiasi, lakini haikurudi yote. Mwenye udhuru husamehewa, na namshukuru Mola kwa hilo. Lakini udhuru wangu niliulea mwenyewe kwa miaka kumi na saba.

Ndiyo maana rai yangu ni hii: kulinda fizi ni sehemu ya kulinda kisomo, na madrasa inayofundisha makharija bila kufundisha namna ya kuyatunza meno imefanya kazi nusu.

UGONJWA WENYEWE

Juu ya jino, mpakani mwake na ufizi, hujengeka kila siku utando laini tunaouita ukoga. Ukoga si makombo ya chakula. Ni vijidudu vinavyokaa pamoja kama wanakijiji na kujishikiza kwenye jino. Ukiuacha, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa mgumu kama chokaa. Huo ndio ugaga, na mara ukishaganda hakuna mswaki wa aina yoyote utakaoutoa.

Mwili hupambana na vijidudu hivyo. Ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, na ukiguswa unatoka damu. Hatua hii ya kwanza ina rehema kubwa ndani yake, kwa sababu inarudi nyuma yote. Mwaka 1965, huko Aarhus nchini Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Baina ya siku 10 na 21 wote walikuwa wamevimba fizi. Waliporudia kusafisha, fizi zilipona kwa muda wa kama wiki moja. Wiki moja tu, vijana wangu! Hawakupewa sindano wala vidonge.

Hatua ya pili haina rehema hiyo. Uvimbe ukikaa, kwa baadhi ya watu huteremka chini. Ufizi unaachana na jino na kufanya mfuko. Ndani ya mfuko kunajaa vijidudu na ugaga, mfupa ulioshika jino unaliwa kidogo kidogo, na mwishowe jino linabaki kama mti uliosombwa udongo na mvua. Mfupa uliokwenda kwa kawaida haurudi wenyewe. Tiba ya hatua hii kazi yake kubwa ni kusimamisha. Na haya yote yanaweza kupita bila maumivu. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba ugonjwa wa fizi uliofikia hali mbaya unawakuta takriban asilimia 19 ya watu wazima duniani, yaani zaidi ya watu bilioni moja. Sisi si watu wa kwanza wala si peke yetu.

"BABU YANGU HAKUPIGA MSWAKI NA MENO ANAYO"

Najua hoja hii itanijia, kwa hiyo niijibu mapema. Ni kweli wapo watu wa namna hiyo. Löe na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka kuanzia mwaka 1970 hadi 1985, watu ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha kuwa asilimia 11 hivi hawakupata uharibifu wowote zaidi ya fizi kuvimba. Asilimia 81 waliharibikiwa kwa mwendo wa wastani, na asilimia 8 waliharibikiwa kwa kasi kubwa. Karibu na kwetu, watafiti Baelum, Fejerskov na Manji walichapisha mwaka 1988 uchunguzi wao wa watu wazima wa Machakos, Kenya. Waliona ukoga na ugaga kwa karibu kila mtu, lakini uharibifu mkubwa ulikuwa umekusanyika kwa baadhi yao.

Basi babu yako huenda ni katika wale 11. Wewe je? Hujui, na huwezi kujua kwa kutazama kinywa cha babu. Anayejenga maisha yake juu ya bahati ya mtu mwingine hana tofauti na anayevuka bahari kwa mtumbwi uliotoboka kwa sababu jana mwenzake alifika.

Tena yapo mambo yanayoongeza hatari. La kwanza ni tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kutafuna, na hapa naitaja pia tambuu inayotiwa tumbaku ndani yake. Mvutaji ana msiba mara mbili, kwani sigara hupunguza kutoka damu kwa fizi, hivyo hujiona mzima hali mfupa unaliwa. La pili ni kisukari. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa fizi zake huharibika kwa urahisi, na fizi zilizoharibika nazo huifanya sukari iwe ngumu kutulia. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2022 zilionyesha kuwa kutibu fizi husaidia kuteremsha kiasi kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Kama mama yako ana kisukari na fizi zinatoka damu, mpeleke kwa daktari wa meno kama unavyompeleka kliniki ya sukari. Na mjamzito naye fizi zake huvimba upesi. Asiambiwe asubiri ajifungue, kwani kusafishwa meno si hatari kwake.

TIBA ZAKE, KWA MPANGILIO

Nitazitaja kama daktari wangu alivyonipangia, kuanzia ndogo mpaka kubwa.

Ya kwanza iko mkononi mwako, nayo ni kusafisha mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi. Kichwa cha mswaki kiegemee mpaka wa jino na ufizi, kisogezwe taratibu, wala kisisuguliwe kama unayeng'arisha sufuria. Katikati ya meno mswaki haufiki. Huko hutumika uzi wa meno au vile viburashi vidogo vya kupenyeza. Na panapotoka damu ndipo panapotaka kusafishwa zaidi, kwa upole. Damu ile ni kengele ya hatari, nawe haifai uinyamazishe kwa kupakwepa.

Ya pili ni kuondolewa ugaga na mtaalamu, kwa vyuma vya mkono au kwa mashine inayotetemeka na kumwaga maji. Watu wetu wengi wanasema kusafishwa kunalegeza meno. Hapana. Ugaga ulikuwa umejaa kwenye mianya na ufizi ulikuwa umevimba. Vikiondoka, unaiona mianya iliyokuwa imefichwa, na meno yanaweza kusisimka kwa maji baridi kwa siku kadhaa. Aliyebomoa nyumba ni mchwa, si yule aliyekwangua plasta akakuonyesha.

Ya tatu ni kwa mwenye mifuko. Daktari hupima kwa kijiti cha chuma chenye alama. Mfuko wa milimita 1 hadi 3 ni wa kawaida, 4 na kuendelea unatakiwa kuangaliwa. Hupigwa ganzi, na mizizi husafishwa chini ya ufizi, pengine kwa safari mbili au zaidi. Baada ya wiki kadhaa hupimwa tena. Hii ndiyo iliyoliokoa jino langu.

Ya nne ni upasuaji mdogo wa ufizi, kwa mifuko mirefu iliyokataa kupona. Daktari huufungua ufizi aone mzizi, asafishe, kisha aushone. Mahali pengine mfupa hupandikizwa, lakini si kila jino linafaa kwa hilo, na gharama yake si ndogo.

Ya tano ni matunzo ya kudumu. Aliyewahi kuugua hatua ya pili arudi kusafishwa kila miezi mitatu hadi sita kulingana na hali yake. Wengi wetu hapa ndipo tunapoanguka. Tunatibiwa, tunapona, tunasahau.

Ama kung'oa, ni haki mahali pake. Jino lililokwisha kupoteza mfupa wake wote halina la kungojea. Nisichokubali ni kung'oa kuwa jawabu la kwanza. Kabla hujafungua kinywa kwa koleo, uliza kwa adabu: "Daktari, hili haliwezi kuokolewa? Na mengine yana hali gani?" Mimi sikuuliza, na kila siku nalipa deni la maswali hayo mawili.

VITU AMBAVYO SI TIBA

Maji ya chumvi yanatuliza, na mafuta ya karafuu yanapunguza maumivu. Siyapingi. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoutoa ugaga. Dawa ya kusukutua yenye kloheksidini inasaidia kwa muda mfupi daktari akiiandika. Ukiitumia muda mrefu inayatia meno rangi ya kahawia na kubadilisha ladha ya chakula.

Vidonge vya rangi mbili vya dukani ndivyo vinavyonitia uchungu zaidi. Mtu fizi zimemvimba, anakwenda dukani, ananunua vidonge vinne, uvimbe unapungua, anasema amepona. Vijidudu vilivyojificha ndani ya ukoga na chini ya ugaga dawa haiwafikii ipasavyo, na baada ya muda uvimbe unarudi. Wapo wagonjwa ambao daktari huwapa vidonge, lakini huwapa pamoja na kusafisha, kwa kipimo na kwa muda maalumu. Anayemeza ovyo anavifundisha vijidudu kuishinda dawa, na siku atakapoihitaji kweli haitamsaidia.

Na ukiona fizi za mtoto mdogo dhaifu zina kidonda kinachonuka, au mtu fizi zinamtoka damu pamoja na homa na madoa ya damu mwilini, usikae nyumbani kupiga ramli. Mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

MSWAKI WA MTI AU WA DUKANI?

Mjadala huu huwagawa wanafunzi kila mwaka. Wapo wanaoona mswaki wa dukani ni kuacha sunna, na wapo wanaoona aibu kuonekana na kijiti. Nawaomba nyote mpoe.

Lugha yetu yenyewe imekwisha kutoa ushahidi. Neno "mswaki" limetokana na Kiarabu, miswaki, na Waswahili tumeupa jina hilo hilo mti wenyewe unaoota katika nchi kavu za kwetu. Kila mtu anayenunua mswaki wa plastiki anautaja ule wa mti bila kujua. Tafiti zimeonyesha kuwa mswaki wa mti ukitumiwa sawasawa unaweza kuondoa ukoga karibu sawa na wa dukani. Upungufu wake ni kwamba ni vigumu kufika upande wa ndani na magego ya nyuma, na ukisuguliwa kwa nguvu huufanya ufizi urudi nyuma. Kwa hiyo autumiaye peke yake ajifunze kuzunguka kinywa kizima, na ncha iliyochakaa aikate atafune mpya.

Mnajua nyote jinsi Mtume (S.A.W.) alivyouhimiza mswaki hata akaeleza kuwa kinachomzuia kuufaradhisha kila sala ni kuuonea huruma umma wake. Lakini nataka mkumbuke kisa cha siku zake za mwisho. Ndugu yake Bi Aisha aliingia na mswaki mkononi, Mtume akautazama. Bi Aisha akaelewa, akauchukua, akautafuna mpaka ukalainika, ndipo akampa. Katika maradhi yale bado aliutaka usafi wa kinywa, na mswaki ulilainishwa kwanza. Mswaki laini si uzembe. Anayekwaruza fizi zake mpaka zichubuke, kisha akasema anafuata sunna, na akitazame kisa hiki tena.

Na wale wanaoufanya mwezi wa Ramadhani kuwa likizo ya mswaki, hawana hoja. Hata anayefuata kauli ya kuwa ni karaha baada ya jua kupinduka ana usiku mzima. Safisha baada ya futari, safisha baada ya daku, umekwisha timiza mara mbili zako.

NINACHOKIOMBA

Mtaniambia, "Maalim, hayo ya ganzi na upasuaji ni ya wenye pesa." Ni kweli matibabu yana gharama, nami sitawadanganya. Lakini tazameni mpangilio tena. Tiba ya kwanza, ile iliyowaponya watu wa Aarhus kwa wiki moja, ni ya bei ya mswaki. Gharama inakuja kwa anayechelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kinywa ni ghali kuliko wa nyumba.

Kwa uongozi wa madrasa nina maombi matatu. Kwanza, kila mwanafunzi wa bweni awe na mswaki wake wenye alama yake, na kuazimana kukome. Pili, walimu wa tajwidi, tunapofundisha makharija kwa kutumia kioo, tuwaambie watoto watazame na fizi zao, kisha tumwalike mtaalamu wa meno mara moja kwa mwaka awaangalie wote. Tatu, na hili litawaudhi baadhi, hafla yetu ya mwisho wa mwaka ipunguziwe sahani. Nimehudhuria hafla ambazo biriani lilibaki mpaka likamwagwa. Sehemu ya fedha hizo iwasafishe meno wanafunzi ambao damu inawatoka na wazazi wao hawana uwezo. Mgeni hatakumbuka kama nyama ilipungua kipande, lakini hafidhi mwenye meno yake atasomesha miaka hamsini.

Na wewe kijana wa pale hodhini, unayemwaga maji juu ya mate yako ili mwenzako asione. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huna la kuona haya. Kesho alfajiri njoo usimame karibu nami, tupige mswaki pamoja, pale pale panapotoka damu, taratibu. Tuhesabu wiki mbili. Ikikatika, mshukuru Mola na uendelee. Isipokatika, nitakupeleka mimi mwenyewe kwa daktari, na yale maswali mawili tutayauliza wote.

Wabillahi tawfiq.